Siku Tuliyomwambia Mfadhili Habari za Mchanga

Mjukuu wangu Mwende, haya usimsomee mtu, kwa maana mwenye malori ya mchanga bado ni jirani yetu hapa Kalama. Mama yako ni mzima.

Unauliza kama mfadhili aambiwe anachopenda kusikia. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa kikundi cha akina mama. Mgeni, mfadhili wetu, alituletea pesa za semina, akauliza shida zetu. Mwenyekiti akamjibu kwa Kikamba kwamba malori yanazoa mchanga, mto unakauka, nasi tutayafungia njia.

“Mwambie yote, karani. Usipunguze!” mwenyekiti akaniambia.

Mshahara wangu ulitoka kwa mgeni huyo. Nikatafsiri yote.

“Hiyo ni siasa,” mgeni akasema, akaondoka na pesa zake.

Siku ya kufunga njia hapakuwa na posho, na wengi hawakuja. Lori liliponguruma mbele yetu, tuliokuja hatukusogea.

Usinipigie simu, jirani asije akasikia. Tuma jibu kwa mama yako, aniletee mkononi.