Floti Imeisha

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefungua kibanda changu cha pesa za simu hapa ufukoni saa mbili. Leo wote wanaweka hela, hakuna anayetoa. Kufika saa nne, floti kwisha. Nimewarudisha watu watatu.

Saa kumi darasani, kwenye kozi ya kuandika programu za kompyuta. Mwalimu kauliza float ni nini. Nikawahi kunyoosha mkono: ni hela ya wakala iliyomo kwenye simu, ikiisha humwekei mteja. Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe kwenye programu ni namba yenye desimali. Rehema, shoga yangu wa dawati moja, hakucheka. Alinishika mkono. Nampenda huyu mtu.

Jumatano, 20 Agosti
Programu yangu imekamilika! Inamwonya wakala kabla hajaishiwa. Nimeiita Floti, makusudi. Lakini ndani nimetumia namba kamili, zisizo na desimali. Ufukoni hapa nani anaweka nusu shilingi?

Sina kompyuta, nimeiandika kwenye ya Rehema. Sijamwonyesha mwingine. Ijumaa wanakuja wageni kutoka ofisi moja ya mjini, watachukua mwanafunzi mmoja akafanye kazi kwao. Naitaka hiyo kazi. Nimechoka na kibanda.

Ijumaa, 22 Agosti
Mwanahizaya!

Rehema aliitwa kabla yangu. Ukutani ikatokea Floti. Programu yangu, jina lake. Akaanza kwa kuwachekesha wageni: "Kuna mama mmoja wakala aliulizwa float ni nini..." Wakacheka. Wenzangu wakanigeukia. Niko palepale, nimeshika daftari.

Mgeni mmoja akaijaribu. Ikatoka namba ndefu, desimali mkia mzima. Rehema alikuwa kabadilisha namba kamili zangu kuwa float, eti kwa kuwa inaitwa Floti. Hajawahi kukaa kibandani hata siku moja. Akaulizwa sababu, akababaika.

Mimi nilijua. Ningesimama baada yake na programu ileile, ningeonekana mwizi. Nikatoka.

Jumamosi, 23 Agosti
Wamemchukua yeye. Wamesema dosari ni ndogo, atarekebisha.

Sijala.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimefungua saa mbili. Watu wengi wametoa hela, simu imejaa floti.

Saa tano kaja Rehema. Anataka kumtumia mama yake hela kijijini Kitaya. Tena kaniuliza, kwa sauti ya chini, "Shoga, ile namba niirekebisheje?"

Nimemwambia floti imeisha.

Ilikuwepo tele.