Gramu Ishirini Nilizoandika Mimi

Kimulot, Jumamosi, Julai 1996

Ukungu wa leo haukuondoka kabisa. Ulikaa juu ya majani ya chai tangu asubuhi, na saa nane ukageuka manyunyu. Nimeketi jikoni karibu na moto, daftari liko magotini. Mama anadhani ninafanya hesabu za shule. Hajakosea sana, maana ni hesabu iliyonifikisha hapa.

Nimefanya jambo baya, tena nililifanya kwa mwandiko mzuri.

Desemba iliyopita binamu yangu Chelimo, anayekimbia mbio za barabarani huko Ulaya, alituletea boksi la vipande vya protini. Vina umbo la mche mdogo wa sabuni, na wakimbiaji huvila wakimaliza mazoezi. Nyanya alionja kimoja, akakitoa mdomoni, akasema ni kama kutafuna kiatu kilichopakwa asali. Mimi nilikipenda, lakini nilichopenda zaidi ni karatasi yake. Nyuma ilikuwa na jedwali: protini gramu ishirini, kisha wanga, mafuta, sukari, hata chumvi. Sikuwa nimewahi kuona chakula kinachojieleza hivyo. Nikaihifadhi ndani ya kitabu cha Biolojia.

Muhula huu Bi Rono, mwalimu wetu wa Sayansi ya Nyumbani, alipouliza nani ana wazo la kongamano la sayansi, nilisimama kabla sijajua nimesimama. Nikasema tutengeneze kipande chetu wenyewe kwa vyakula vya hapa. Nilipangiwa kufanya kazi na Faith, ninayekaa naye dawati moja.

Tulianza na njugu, lakini zilikuwa chache. Tukaongeza unga wa mahindi uliokaangwa, na sukari nguru, ile ya miwa isiyosafishwa inayotoka upande wa Fort Ternan, ili mchanganyiko ushikane. Bi Rono alikuwa ametufundisha jinsi ya kupata protini: pima kila kitu kwa mizani ya maabara, tazama jedwali la vyakula nyuma ya kitabu, zidisha, jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya vipande. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara zote nilipata gramu nne na kitu.

Nilitazama nne yangu, nikatazama ishirini ya karatasi ya Ulaya, nikaona aibu. Faith alikuwa ameenda kuchota maji ya kuoshea sufuria. Nikaandika ishirini kwenye lebo zote za vipande vyetu, kwa kalamu ya wino, nikapiga mstari chini kwa rula.

Hakuna aliyenilazimisha.

Waamuzi wa kongamano walitusifu sana. Tulishika nafasi ya pili, na mwezi ujao tunatakiwa kwenda ngazi ya mkoa. Faith alianza kuniita Daktari wa Njugu, na sitadanganya tena hapa: nililipenda jina hilo.

Vipande vilivyobaki nilimpelekea Mama Cherono, jirani yetu wa upande wa chini. Mtoto wake Cherono ana miaka miwili. Mwezi wa tano alikuwa amevimba miguu na nywele zimekuwa nyepesi, rangi ya majani makavu. Nesi wa zahanati alisema apewe vyakula vya protini: maziwa, maharagwe, mayai. Mama Cherono aliacha shule darasa la tatu. Alinipa lebo nimsomee, nami nikamsomea. Akaniuliza gramu ishirini ni kama nini. Nikamfanyia hesabu papo hapo: ni kama vikombe vitatu vya maziwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtengenezea kila Jumamosi. Nilijiona mtu wa maana.

Leo asubuhi nilimkuta pale gari la maziwa linaposimama. Alikuwa na mitungi miwili. Kwetu kila mtu anajua kwamba maziwa ya asubuhi ndiyo yanayopanda gari, na ya jioni yanabaki nyumbani kwa watoto. Hata mwenye ng'ombe mmoja kama yeye hauzi ya jioni. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakimtania, mmoja akimuuliza kama ng'ombe wake siku hizi anazaa mitungi. Yeye alicheka tu, akanielekeza kwa kidevu.

"Waulizeni huyu. Cherono sasa anakula vile vipande vya shule. Maziwa ya nini tena?"

Nikamtazama Cherono mgongoni mwake. Hakuwa akilia wala kucheza na shuka. Mguu uliochomoza ulikuwa umejaa, na ngozi yake inang'aa.

Sikusema kitu pale. Hilo nalo ninalijutia. Nilirudi nyumbani, nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa, nikangoja mpaka alipokuwa peke yake shambani. Saa nane nikamfuata kwenye chai yake. Alikuwa anachuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kutazama mikono.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba ni nne, si ishirini, kwamba ishirini niliitoa kwenye karatasi ya Ulaya, na kwamba nilijua nilipokuwa naandika.

Mikono iliendelea kuchuma kidogo, kisha ikasimama.

"Kumbe nimekuwa nikimpa mtoto peremende," akasema.

Nilitaka anipige. Mama angenipiga, na baadaye tungekunywa chai. Yeye alipangusa manyunyu usoni. Halafu akaniuliza jambo ambalo sijaacha kulifikiria: "Na ile ya Wazungu? Ina ishirini kweli, ama pia kuna mtu aliandika tu?"

Nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Nimeiamini karatasi ile miezi saba kwa sababu inang'aa na imepigwa chapa.

Akavua kikapu mgongoni, akakiacha katikati ya mstari ambao hakuwa ameumaliza, akapanda kwenda nyumbani. Nilimfuata kwa mbali. Alichukua vipande viwili vilivyobaki, akanirudishia, lebo zikiwa bado juu yake. Akasema Jumatatu alfajiri anampeleka Cherono zahanati.

Nikasema pole, mama. Neno hilo lilikuwa dogo sana.

Najua la kufanya shuleni. Nitamwambia Bi Rono, na nafasi ya pili itaondoka. Faith hakukosa kitu chochote ila kwenda kuchota maji, na safari ya mkoa ataipoteza pamoja nami. Ninamwogopa yeye kuliko mwalimu. Labda Bi Rono ataturuhusu tuanze upya mwaka ujao, kwa maharagwe na maziwa ya unga, na tuandike chochote kitakachotoka, hata kama ni sita. Ninatumaini hivyo, ila sina haki ya kuomba.

Lakini sitaanza na shule. Nilipokuwa nafungua lango lao niondoke, Mama Cherono aliniita. Nilidhani sasa ndipo atanitukana. Alisema nesi huandika mambo mengi kwenye kadi ya kliniki, na kwamba yeye mwenyewe huona haya kumuuliza mara mbili.

"Utakuja kunisomea," akasema. Hakuwa ananiomba. Hakuwa amenisamehe pia, nadhani. Ni kwamba mimi ndiye anayejua kusoma aliye karibu.

Kwa hivyo Jumatatu nitafika shuleni nimechelewa, nami nitaeleza kwa nini. Nitasimama pale zahanati, huyo mtoto akiwa ananitazama, na nitasoma kilichoandikwa, namba kwa namba. Pale nisipoelewa nitamuuliza nesi, hata mara tatu.