Neno la Tatu Haukujibu

Bunia, Bigo, tarehe 4 mwezi wa pili 2025

Papa Hilaire,

Salamu nyingi toka kwa mama yako. Hapa niko muzima, goti tu njo inanisumbua kidogo nikipanda kilima, lakini misa sijakosa. Weye uko je? Unakula muzuri? Unavaa ile pull ya baridi nilikushonea, ao unaona haya mbele ya Waganda?

Usishangae nikikuandikia ku karatasi. Emerance, secrétaire wa paroisse kule kanisani, atapiga barua foto na kukutumia, na majibu yako atanitolea ku karatasi vilevile. Maneno ya telefone inapita. Karatasi inakaa.

Sikia sasa. Nyumba moja yenye kununua kakao imetuma mutu, anaitwa Paluku, kijana wa Butembo, viatu safi sana kwa mutu mwenye anasema anashinda mu mashamba. Anasema kila shamba ya kakao lazima iingie mu mashini, bila vile kakao yake haitapokelewa tena. Halafu akatupa karatasi ya kutia sahihi, kurasa sita, yote Kiingereza. Siye bamama wa Aveba tukaangaliana. Tangu tukimbie vita kule tukuje kukaa hapa Bunia, shamba njo kitu moja imetubakilia, na karatasi za watu tumeshaona mingi. Madeleine akasema, "Hata kama wameandika humo kwamba shamba ni ya nyanya yao, tutajua je?"

Njo nikasimama. Nikawaambia: mutoto wangu anasoma mambo ya ordinatere, ya kompyuta, kule Kampala, mwaka wa tatu, Kiingereza ya mashini anaikunywa sawa chai. Hapa hakuna mutu atatia sahihi bila Hilaire kusoma kwanza. Ungeona vile waliweka kalamu chini. Paluku mwenyewe alishusha macho.

Maneno yenye ilitushinda nimeikopia herufi kwa herufi: "polygon", "upload", "third party". Jibu muzuri, nitasoma mbele ya watu.

Mama yako,
Mama Hilaire


Kampala, tarehe 7 mwezi wa pili 2025

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana, na pole ya goti. Mi niko muzima, nakula, na pull navaa.

"Polygon" ni mustari wenye kuzunguka shamba. Mutu anatembea ku mipaka na telefone mu mukono, telefone inashika kila mahali anapita. Akirudi pale alianzia, mustari unajifunga, na ile sura njo shamba yako mu mashini. "Upload" ni kutoa kitu mu telefone na kuipandisha mu mashini kubwa ya kampuni, yenye iko mbali. "Third party" ni mutu wa inje: si weye, si kampuni, lakini kampuni inaweza kumuonyesha shamba yako. Sawa vile wanunuzi wa Ulaya, wanataka kujua kakao imetoka wapi na kama hawakukata pori ju yake.

Haina ubaya, mama. Watie sahihi tu.

Mutoto wako,
Hilaire


Bunia, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Papa yangu,

Mungu akulinde. Goti imepoa. Afya yako je? Na masomo?

Barua yako niliisoma kisha misa, nikipanda ku banc ya mbao ya kanisa ili hata wa nyuma wasikie. Walipiga makofi. Rebecca aliuliza kama uko na fiancée wa kuoa, nikamwambia apange mustari. Wote makumi mbili na sita walitia sahihi, ju weye ulisema.

Sasa kuko jambo. Paluku alitupeleka Aveba kuzunguka mashamba na telefone yake. Ya Madeleine iliingia muzuri, rangi ya majani. Ya Rebecca vilevile. Ya siye, alitembea yote, mustari ulipojifunga telefone ikawa nyekundu. Akaangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Mama Hilaire, hii shamba iko tayari ndani."

Ndani ya nini? Nani aliiingiza? Anasema mashini haimuonyeshi jina. Mpaka yule mutu aachilie, mimi siingii, na kakao yangu hakuna wa kuipokea. Miti yenye marehemu baba yako alipanda na mikono yake.

Unajua namushuku nani. Nilimwambia palepale mbele ya watu: "Kama shamba ya mujane imeuzwa, mwenye kushika telefone njo anajua." Madeleine akaongeza kwamba viatu safi vile haijisafishi yenyewe. Paluku alitoa kalamu. Aliniandikia tu maneno yenye telefone ilisema, nami nakutumia: "duplicate", "sync", "account owner". Maneno matatu. Nijibu haraka, nataka kwenda nayo kwa chef wa kule Aveba.

Mama yako,
Mama Hilaire


Kampala, tarehe 7 mwezi wa tatu 2025

Mama mupenzi,

Jambo. Nimefurahi kusikia goti imepoa. Mi niko muzima, kazi tu mingi.

"Duplicate" ni kitu ileile kuingia mara mbili. "Sync" ni telefone na mashini kubwa kupatana, kila mumoja ajue chenye mwenzake anajua. Kule Aveba reseau ya telefone ni mubaya, kwa hiyo kupatana inaweza kuchelewa. Labda ni vile tu.

Mama, usiende kwa chef. Na Paluku usimugombeze tena. Nitaangalia toka hapa. Usiulize watu wengine, watakuchanganya kichwa.

Mutoto wako,
Hilaire


Bunia, tarehe 11 mwezi wa tatu 2025

Hilaire,

Salamu. Niko muzima.

Nilikutumia maneno matatu. Umejibu mawili. Neno la tatu ni nini?

Mama yako


Bunia, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Hilaire,

Najua uko muzima, ju Emerance ananionyesha kama barua yangu uliifungua siku ileile. Siku kumi na tisa umekaa nayo.

Basi nikueleze vile mama yako anasoma, yeye mwenye aliachia masomo ku primaire ya tano. Ulipojibu mawili na kuruka moja, nilijiuliza: huyu mutoto tangu lini anakosa neno? Na kama alilikosa, mbona hakusema amelikosa? Nilivaa kitambaa nikaenda kwa Paluku mwenyewe. Alinipa kiti. Aliuliza ku bureau yao, kesho yake wakamutumia picha ya shamba yenye iko ndani, na mustari wake, na jina chini. Kwa hiyo ile barua ya tarehe 11, nilikuandikia picha ikiwa chini ya Biblia yangu. Nilitaka uniambie weye.

Mbele ya kusoma jina, niliangalia mustari. Upande wa chini umeingia mu maji ya Rebecca, jirani wetu wa shamba, na kutupatia kipande chake, na hatukumuomba. Upande wa juu umefuata miti ya avoka na kupita ndani yake, na pale baba yako analala pamebakia inje. Paluku hangechora vile, alipita pale na miguu yake, alitoa hata kofia. Nikasema huyu mutu anajua shamba toka juu tu, sawa ndege. Mutu mwenye hajakanyaga pale tangu ana miaka kenda.

Halafu nikasoma jina. Majina yako yote matatu. Na tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili, ile Noël uliniambia hauwezi kuja ju ya stage, ile kazi yako ya kujifunzia.

Nimeomba Paluku musamaha mbele ya bamama wote. Sikuwaambia sababu. Wanafikiri mashini ilichoka. Ni mara ya kwanza niko na habari yako na ninaifunga mu kinywa.

Mama yako


Kampala, tarehe 31 mwezi wa tatu 2025

Mama,

Nisamehe. Sijui nianzie wapi.

Stage yangu iko ku nyumba yenye inatengeneza ile mashini. Walisema kila mumoja wetu aingize mashamba kumi, wenye kufikisha njo watabakishwa kazini. Nilikuwa na kenda. Nilichora ya siye toka ku foto ya satelite. Mashini ikauliza jina, nikaandika langu.

Lakini mama, "account owner" si mwenye udongo. Ni mwenye kushika funguo mu mashini, basi. Shamba ni yako. Nikifuta sasa, watahesabu, watakuta kenda, na watauliza mengi. Ngoja mpaka mwezi wa sita, stage iishe. Shamba haiendi mahali.

Mutoto wako,
Hilaire


Bunia, tarehe 2 mwezi wa ine 2025

Hilaire,

Nimesoma. Niko muzima.

Mutu anashika funguo ya nyumba, mwenye nyumba amesimama inje na kakao ku kichwa. Muite jina yenye unataka, mi naona nani iko ndani na nani iko inje.

Mwezi wa sita matunda itakuwa imeoza. Nakupa mpaka dimanche ya Pasaka. Kisha misa nitapanda ku banc ileile, na nitawasomea barua zako zote, toka ya kwanza. Walitia sahihi ju ya kinywa yako. Wako na haki ya kuijua.

Mama yako


Bunia, tarehe 27 mwezi wa ine 2025

Papa,

Salamu. Niko muzima, goti imeamuka tena, utasikia sababu.

Vendredi ya musalaba, mbele ya Pasaka, Paluku alikuja mbio mpaka Bigo: nyekundu imetoka. Haukuniandikia kitu, lakini niliona.

Tulienda Aveba. Paluku alitaka kuzunguka, nikamwambia alete telefone, leo natembea mwenyewe. Ku maji nilipita upande wa siye, nikamuachia Rebecca yake. Ku avoka nilizungukia inje kabisa, mu majani marefu, goti inalia, ili baba yako abakie ndani. Mustari ukajifunga. Rangi ya majani.

Mashini ikauliza jina. Madeleine akasema, "Andika Mama Hilaire, Aveba yote wanamujua." Nikakataa. Nikampa Paluku jina lile padri alinibatiza nalo, herufi kwa herufi.

Ku banc nilipanda, lakini barua sikusoma. Niliwaambia tu kwamba ile shamba ilikuwa mu mikono ya mutoto wangu, na kwamba kurasa sita zile tulitia sahihi bila kuzisoma, kosa ni langu, ju nilisifu sana. Hawakupiga makofi.

Stage imekuwa je? Walikufukuza? Niambie yote, hata yenye itaniumiza. Na Noël ukuje, utembee ile mipaka na miguu.

Zile kurasa, Emerance na mimi tunazisoma sasa na dictionnaire ya paroisse, mustari moja kila siku. Tuko ku ukurasa wa pili. Neno likitushinda tunalitia alama na kulala nalo, lakini hatuliruki.

Mama yako,
Léonie