Ungo Uliotoka Kitako

Kengeja, Pemba
Ijumaa, baada ya laasiri

Dada yangu Zulekha,

Assalaam alaykum. Magoti yanasemaje na baridi hii ya mvua huko Mombasa? Ummi na wanawe hawajambo? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi.

Unajua nilikuja kumwomba mdogo wetu Haroub chumba cha uani, nimalizie umri wangu nyumbani tulikofukuzwa ujanani. Hajanijibu. Kila nikilianza neno hilo, huniuliza kama chai imekolea. Nalazwa kitanda cha wageni na kuandaliwa sinia ya peke yangu.

Aliyenipokea hasa ni mjukuu wake, Rahila, wa kidato cha sita. Alisikia nilisomesha fizikia, akaniletea hesabu iliyomshinda ya flaksi ya sumaku, yaani kiasi cha sumaku kinachopita ndani ya kitanzi cha waya. Nguvu ya sumaku anaijua, ukubwa wa eneo anaujua, lakini pembe akiipima kutoka kwenye ubapa wa kitanzi. Basi pale pasipopita kitu, yeye alipata jibu kubwa kabisa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikachukua ungo uliotoka kitako, nikaulaza mvuani, matone yakapita katikati. Nikausimamisha wima: mvua ileile, duara lilelile, hakipiti kitu. Nikamweleza kwamba eneo nalo ni vekta. Mwelekeo wake ni mstari unaochomoza wima usoni pake, na pembe hupimwa kutoka hapo. Haroub alipita, akasema Wapemba walikuwa wakimngoja mzee wa Mombasa aje aifundishe mvua kunyesha. Tukacheka sote. Maswali yaliyobaki Rahila aliyapata.

Jana ilikuwa hitima ya wazee wetu. Niliketi ubavuni mwa Haroub, nikidhani hapo atawatangazia watu kuwa nimerudi. Msomaji akawataja marehemu wa kuombewa, kwa kichwa, kama afanyavyo kila mwaka: baba, mama, ami Mgeni. Kisha akanitaja mimi. Jina lako lilifuatia. Hakuna aliyeshtuka, Haroub aliinamia halua. Nilipomuuliza baadaye, alisema wameshazowea, tangu miaka ile barua zetu zilipokatika, na kwamba dua haimdhuru mtu.

Hamu yangu ilikuwa kubwa, dada, na nyumba ni ileile. Pembe sikuipima.

Jumapili navuka kwa boti ya Tanga. Nitandikie pale pale pangu. Rahila usimwambie kitu akikupigia. Anadhani naondoka kwa ajili ya dawa.

Haroub anakusalimu. Waliposema amin, nami niliitikia.

Ndugu yako,
Talib