Moshi wa Nyumba ya Mama Yako

Nyumba ya Katikati,
Karibu na Kinu,
Tarehe 19 Januari.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za mkazamjomba wako. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na kazi ya kukutosha, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha kuondoka. Kama bado kipo, nenda ukaonane na daktari badala ya kumsimulia mama aliye mbali. Sisi huku tunapumua. Magoti yangu hunikumbusha umri wangu kila ninapoinama, na mkazamjomba wako hunikumbusha hata nisipoinama.

Nimeanza kwa salamu kwa sababu habari nzito haifuti adabu. Hata hivyo, sitaki usome ukiwa na roho mkononi, kwa hiyo nakwambia mapema: mama yako yu hai. Amelazwa nyumbani kwa muuguzi, penye joto, na amekwisha kuanza kugombana na watu. Yaliyotangulia hayo ndiyo yaliyonifanya nishindwe kushika kalamu mpaka leo. Mama yako alinikataza nisikuandikie. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, kisha nikarudi nyumbani kuandika.

Bila shaka hujasahau jinsi tunavyoishi theluji inapofunga njia. Nyumba zetu zimepanda mlima, moja juu ya nyingine, na kila mtu hutazama dohani ya nyumba iliyo juu yake. Asubuhi ukiona moshi, unajua kwamba mwenzako ameamka salama. Usipouona, unachukua sepetu na kupanda kwenda kumwangalia. Mimi hutazama kwa mama yako, Mama Pacha hutazama kwangu, na mhunzi hutazama kwa Mama Pacha, tena kwa bidii kuliko inavyohitajika.

Hujasahau pia shimo la mbegu katika bustani ya mama yako. Kabla ya baridi, kila nyumba hupeleka huko viazi vyake vya mbegu, kwa kuwa udongo wa pale ni mkavu, na kwa kuwa hakuna mwenye mkono kama wake. Hukibonyeza kiazi kwa kidole gumba, akakwambia kama baridi imekigusa ndani, wakati sisi wengine tunaona ngozi nzuri tu. Viazi hivyo ndivyo vinavyopandwa katika bustani zote theluji ikiyeyuka. Vikiharibika, hakuna nyumba itakayokuwa na cha kupanda.

Mwaka huu hali ya hewa ilituchezea. Mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha baridi ikakaza ghafla kila kitu kikawa kama chuma, na baada ya hapo theluji nyingine ikaanguka na kuifunga kabisa njia ya juu. Nilizifunika kabichi zangu za mwisho kwa magunia, nikafunga mlango na kukaa. Wenzangu walifanya vivyo hivyo. Tulikuwa tukipigiana kelele madirishani, basi, ila kule juu kwa mama yako sauti haikufika.

Moshi wa mama yako ulipanda kila asubuhi. Ulikuwa mzito kuliko wa nyumba yoyote, ukajikunja juu ya paa kama godoro. Tuliufanyia mzaha.

"Dada yako leo anachemsha mlima mzima," mhunzi aliniambia siku moja kutoka uani kwake.

"Mwacheni mama wa watu ajipashe joto," akajibu Mama Pacha. "Kuni ni zake."

Mimi mwenyewe nilimwonea wivu kidogo. Nilimwambia mkazamjomba wako kwamba dada yangu amekuwa mbadhirifu uzeeni, ilhali sisi tunabana kila kipande cha kuni.

Kisha barua yako ikafika. Aliileta yule tarishi tunayemwita Haraka, kwa sababu unayoijua, siku ile njia ya chini ilipofunguliwa. Nilipouona mwandiko wako juu ya bahasha ya mama yako niliona si vizuri aingoje mpaka theluji iyeyuke. Nikamwomba mhunzi tuichimbe njia ya juu. Tulichimba tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Mhunzi alinung'unika njia nzima kwamba, kama humo ndani umeandika kuomba soksi tu, atakuja huko akuvute masikio kwa mkono wake.

Tulibisha hodi, hatukujibiwa. Tukabisha tena. Nikausukuma mlango.

Mpwa wangu, nimezeeka, lakini sikuwa nimewahi kuona chumba kama kile. Viazi vilikuwa kila mahali. Vilikuwa vimepangwa kitandani kwa mama yako, kimoja kando ya kingine, vimefunikwa blanketi zake zote. Vilikuwa mezani, chini ya meza, ndani ya mabeseni, ndani ya droo za kabati, na katika kile kitanda ulicholalia ulipokuwa mchanga. Vilivyokosa blanketi vilifunikwa mapazia, na vilivyokosa mapazia vilifunikwa lile koti lake zuri la kuvalia mikutanoni. Na ndani mlikuwa na baridi. Niliiona pumzi yangu mbele ya uso wangu. Jikoni mlikuwa na moto wa ukubwa wa kisahani, nao ulikuwa wa kuni mbichi, moshi mtupu.

Mama yako alikuwa ameketi sakafuni juu ya gunia, nyuma ya mlango, mahali pekee palipobaki pa kukaa mtu. Alivaa lile koti la mvua la marehemu baba yako. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, funga mlango. Unaingiza baridi." Kisha akaongeza, "Na usikanyage."

Nilibaki nimesimama, mguu mmoja hewani, sijui niuweke wapi.

Alitupa maelezo kidogo kidogo. Maji ya ile mvua yaliingia ndani ya shimo, yakaganda, na viazi vingi vya juu vikaoza. Alipogundua, alivitoa vilivyo vizima yeye peke yake, beseni baada ya beseni, akavibeba mpaka ndani ya nyumba; alipomaliza, njia ilikuwa imekwisha kufungwa. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Moto ukiwa mkubwa, viazi vya mbegu vitachipua kabla ya wakati wake na kuharibika. Moto ukizimika, vitaganda. Kwa hiyo akawasha moto wa kuvitosha viazi, usiomtosha binadamu, na akachagua kuni mbichi ili usije ukachangamka. Ule moshi mzito tulioufanyia mzaha ulikuwa ukitoka katika nyumba yenye baridi kuliko zote mlimani.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimwambia, "Ungeuzima moto asubuhi moja tu. Tungeona hakuna moshi, tungekuja sote."

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia bustanini. "Ningeuzima, vingeganda. Mngekuja kufanya nini? Kuzika mbegu za watu?"

Tumelelewa, tumelea na tumezeeka tukiutegemea moshi ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza itakuwaje siku ambayo mtu mwenye shida hawezi kuuacha moto wake uzimike. Njia yake pekee ya kutuita ilikuwa kukiua kile alichokuwa akikilinda. Basi hakutuita. Nasi tuliutazama moshi, tukanywa chai.

Mhunzi hakungoja tumalize. Alikwenda kuung'oa mlango wa banda, akauleta, tukamlaza mama yako juu yake. Alikataa kutoka mpaka nilipomwahidi kwamba Mama Pacha atapanda kuja kukaa na viazi. Tuliposhuka naye, kila tuliyempita alivua kofia, akidhani tumebeba maiti. Mama yako akawa anawajibu, "Vaeni kofia zenu, mtapata mafua."

Kwa muuguzi, homa ilipanda. Kifua chake kilikuwa kinakoroma. Lakini kilichonitisha zaidi ni mkono wa kulia. Vidole vyote, ambavyo baridi ilikuwa imevigandisha, vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Muuguzi alivichoma kwa sindano, kimoja baada ya kingine, na mama yako alikuwa akitazama dirishani kana kwamba anachomwa mtu mwingine. Muuguzi akanitoa nje, akaniambia kifua kitapona. Kuhusu vidole hakuweza kuniahidi lolote. Alisema kwamba, visiporudiwa na uhai, daktari atakapoweza kufika itabidi avikate.

Sikumwambia mama yako. Nadhani hakuhitaji kuambiwa. Aliuficha mkono chini ya shuka na hakuuliza. Wewe unamjua. Ukiuondoa mkono ule, sijui utakuwa umebakiza nini.

Tulikutana pale kinuni kuhusu mbegu. Nilitazamia ugomvi, kwa sababu viazi vilikuwa vimechanganyika na hapakuwa na mtu anayeweza kusema ni vya nani vilivyooza. Mtu mmoja alianza kusema kwamba mama yako alipaswa kutoa taarifa mapema. Mama Pacha, aliyekuwa ameshuka kwa muda na kumwacha mwanawe mmoja alinde viazi, hakumwacha amalize.

"Wewe nenda ukalale pale nyuma ya mlango kwanza," alimwambia. "Ukiamka, njoo ulalamike."

Watu wakacheka, na yule mtu akacheka pia baadaye kidogo. Tukaamua viazi vigawanywe, kila nyumba ichukue sehemu yake na kutenga chumba kimoja chenye moto kama ule wa mama yako. Wenye wagonjwa na watoto wachanga hawakupewa. Ndiyo sababu nakuandikia nikiwa nimevaa koti na glavu moja. Viazi vyangu viko hapa, chini ya meza, na moto wangu ni wa ukubwa wa kisahani. Nimekuwa nikikukaripia kwa ajili ya mwandiko wako. Safari hii usiutazame wangu.

Moshi hatuuamini tena. Kila asubuhi mtu hutoka na kubisha hodi kwa jirani yake wa juu, na haondoki mpaka asikie sauti. Mhunzi amekuwa mwaminifu sana katika kazi hii. Hubisha kwa Mama Pacha asubuhi, na jioni pia, ingawa jioni haimo katika makubaliano.

Sasa nisikilize. Juzi nilimpelekea mama yako kiazi kimoja kati ya vile nilivyogawiwa, kikubwa, chenye ngozi safi, ili aone kwamba ninavitunza. Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Akakitazama. Kisha akautoa mkono wa kulia chini ya shuka, kwa mara ya kwanza mbele yangu, akakihamishia huko na kukibonyeza kwa kidole gumba. Muuguzi alikuwa akikunja mashuka, akaacha.

Alibonyeza upande mmoja, akakigeuza, akabonyeza upande wa pili.

"Kaka," alisema, "hiki ulikiweka karibu na dirisha."

Ni kweli nilikiweka karibu na dirisha.

"Kimekufa ubavuni. Kitupe. Na vilivyokaa nacho uniletee nivione, vyote, wala usichague wewe."

Muuguzi alichukua sindano, akamchoma kwenye kidole kile kile. Mama yako akauvuta mkono na kumwita jina ambalo sitaliandika. Tangu nizaliwe sijawahi kufurahi kukaripiwa namna ile. Sikudanganyi: vidole viwili vya mwisho bado havisemi kitu, na muuguzi bado anangoja. Lakini gumba limerudi, na viwili vinavyolifuata vimeanza kuuma, jambo ambalo muuguzi anasema ni zuri na mama yako anasema si zuri hata kidogo.

Barua yako nilimsomea. Alitaka niirudie. Nilipofika kwenye kikohozi aliniambia nikwambie uvae kofia.

Sikuamuru, kwa kuwa wewe ni mtu mzima mwenye nyumba yako. Lakini theluji ikianza kuyeyuka, bustani itataka mikono, na mikono yake itataka kupumzika. Mimi nikimwambia apumzike atanicheka. Wewe hatakucheka. Ukiweza kuja wakati wa kupanda, njoo, hata ikiwa ni kwa siku chache. Usimwandikie kwamba nimekwambia. Mwandikie kwamba umewakumbuka watu wa nyumbani.

Nisalimie mkeo na watoto, na umwambie yule mdogo kwamba babu yake wa huku anangoja picha aliyoahidi kumchorea. Mkazamjomba wako anakusalimu, na Mama Pacha, na mhunzi, ambaye amefurahi kusikia kwamba hukuomba soksi. Haraka naye anakusalimu, na anakuomba uandike anwani kwa herufi zinazosomeka, kwa maana anadai hicho ndicho kinachomchelewesha.

Leo asubuhi nilisimama dirishani kwa mazoea, nikaitazama dohani ya mama yako. Haikuwa na moshi. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika sepetu, ndipo nilipokumbuka kwamba viazi vimegawanywa na mwenyewe yuko kwa muuguzi, anakula uji na kuulalamikia. Nikairudisha sepetu mahali pake. Niliendelea kusimama pale kwa muda, naitazama nyumba isiyo na moshi, na nilikuwa mtu mwenye furaha.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na atufikishe sote kwenye siku ya kupanda tukiwa na vidole vyetu.

Mimi niliye mjomba wako, nikupendaye hata ninapokukaripia.