Mstari Uliopinda Nyuma ya Sikio

Mami,

Najua hapo tayari unacheka. Miaka ishirini na mitatu nilikuita hivyo, mama mzima kumwita mtoto wake mami, kwa sababu nilikupa jina la mama yangu, Muthoni, na mtu hawezi kumgombeza mama yake kwa jina. Nawe ukaniita mathe, mama kwa lugha ya mtaani. Wateja wapya pale kwenye kibanda chetu cha ususi Kenyatta Market walikuwa wakituangalia wasijue nani amemzaa nani.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni kwamba nimeenda baharini. Ndiyo, mimi. Ya pili inahusu kichwa changu, na hiyo itabidi uisubiri kidogo, maana ndani yake lazima nikubali kosa, na unanijua mimi na kukubali makosa.

Tangu uende, miezi sita sasa, kipandauso kilihamia kwangu na godoro lake. Zamani kilikuwa cha mara moja kwa mwezi. Ukiniona nimefumba jicho la kushoto unauliza, "Mathe, kanjo wamefika?" kwa sababu nao kanjo, askari wa jiji, hawapigi hodi, mtu anaacha kila kitu na kujificha. Unanilaza chini ya meza ya kibanda, juu ya katoni, unanifunika uso kwa leso yenye maji baridi, halafu unawaambia wateja mama ameenda benki. Nilienda benki sana siku hizo.

Baada yako kikaja kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki. Taa ya kibanda, harufu ya mafuta ya nywele, redio ya jirani, chochote kiliniangusha. Daktari mmoja kule Kilimani, kijana wa rika lako, alinipa dawa, akaniambia nilale vizuri na nitafute mahali patulivu nipumzike. Kisha akaniomba nivue kilemba. Nilisitasita. Alipoona kilichokuwa chini yake aliuliza kwa adabu, "Mum, hizi rasta utatoa lini? Zinakuvuta kichwa."

Rasta zako, mami. Ulinisuka Jumapili ile nyumbani Kawangware, wewe kwenye kochi, mimi kwenye kigoda katikati ya magoti yako, chai ikipoa kwa sababu wote wawili mikono ilikuwa na mafuta. Jumapili iliyofuata tulikuwa hospitali. Jumapili ya tatu sikuwa na wewe.

Basi sikuzifumua. Mimi msusi wa miaka kumi na tisa kazini, ninayewafokea wateja wakipitisha miezi miwili, nilitembea na rasta za miezi mitano, nywele mpya zimeota upana wa vidole vitatu na nyingine zimeshikana kama sufu. Kila moja ilikuwa imepita vidoleni mwako. Nilijiambia nikizifumua, kazi yako ya mwisho itakuwa imekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeimaliza. Nikaona heri kuumwa.

Halafu kulikuwa na ule mstari. Unaukumbuka, usijifanye. Kila kichwa kingine ulikigawa kwa mistari iliyonyooka, hata wale wateja wenye maneno mengi walitazama kioo wakalipa bila kuomba punguzo. Kichwa changu tu, nyuma ya sikio la kushoto, mstari ulipinda kila mara. Naupapasa kwa kidole, nakuambia umenisuka kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nawe unapandisha sauti: "Mathe, si ni wewe! Nikifika hapo na mkia wa chanuo unaruka! Tulia basi!" Nakataa katakata, sijawahi kuruka. Tulibishana juu ya jambo hilo miaka sita, na sikukupa hata siku moja ya ushindi.

Tangu uende, kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani kidole kilienda pale kwanza. Upo? Upo, na umepinda. Haya, tuamke.

Aliyenitoa mjini ni Saumu, jirani yangu wa kiti cha pili pale sokoni, mtu wa Kwale. Alinikuta chini ya meza siku moja, akachuchumaa, akaniambia, "Mwenzangu, benki gani hii unayoenda kila siku? Nenda kwetu ukapumzike. Dada yangu Mishi ana chumba kitupu, na bahari iko hapo nyuma ya nyumba." Nikapanda treni na sweta yangu. Ndiyo, sweta, ya sufu, nikiogopa baridi ya Mombasa. Cheka, nitakungoja.

Ungeniona siku ya kwanza! Nilishuka ufukweni na viatu vya kufunga kamba. Bi Mishi akasema taratibu, "Mama Muthoni, huku hakuna matope, vua viatu." Mtoto wa jirani akaniamkia, "Shikamoo," nami bila kufikiri nikamjibu, "Poa sana." Mpaka leo nasikia pale kijijini wananiita Bi Poa Sana. Kwa ajili ya jua nilitoka alfajiri na jioni tu, nikiwa nimevaa ile miwani yako nyeusi inayofunika mpaka mashavu. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, mchana nimelala kama mtoto mchanga, jioni natembea kwenye maji yanayofika vifundoni, sisemi na mtu. Sikujua kwamba utulivu unaweza kushibisha.

Siku ya pili kanjo walifika. Bi Mishi akafunga madirisha, akatundika leso mbili juu ya pazia, na nyumba nzima ikanong'ona kwa ajili yangu, hata wajukuu. Nililia mle gizani, na si kwa sababu ya kichwa. Nilikukosa, mami. Nilikukosa mpaka mbavu zikauma. Leso ya usoni ilikuwa baridi vizuri kabisa, ila haikuwekwa na wewe.

Siku ya tatu kichwa kilikuwa chepesi, nikakaa chini ya mivinje kabla jua halijapanda. Akaja dada mmoja na kikapu cha chanuo na shanga. "Mama, nikusuke? Nina mitindo mipya, nitakufanyia bei ya asubuhi." Yaani nimetoka Kenyatta Market, ambako sisi wenyewe tunawavuta watu mikono langoni, nije kuvutwa huku! Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie anazungumza na fundi, upepo ukabeba kilemba changu.

Akashika mdomo. "Yallah! Mama, nani kakufanyia hivi?"

Nikamwambia ni binti yangu.

"Basi mwite aje afumue."

Nikamwambia hawezi kuja. Alinitazama, akaweka kikapu chini, akakaa mchangani nyuma yangu. "Pole, mama. Basi tufumue sisi, polepole. Ukisema basi, naacha."

Nilifikiri nitasema basi kwenye rasta ya kwanza. Badala yake nikaanza kuzungumza. Nilimweleza jinsi ulivyomsuka bibi harusi nusu kichwa umeme ukapotea, ukamalizia na tochi ya simu mdomoni. Nilimweleza kuhusu benki. Alicheka mpaka akaangusha chanuo, nami nikacheka kwa sababu yake, halafu kwa sababu yako. Tulipofika nyuma ya sikio la kushoto nilimwomba aniachie. Niliupapasa ule mstari mara ya mwisho, toka mwanzo wake mpaka kwenye kona, kisha nikafumua mwenyewe kwa mikono yangu. Nikasema asante, mami, umenisuka vizuri. Ndiyo, nilisema vizuri. Yule dada ni shahidi.

Kisha nikaingia baharini nikiwa na dera la Bi Mishi na nywele zimesimama kila upande. Wimbi la kwanza likanifika kichwani, nikapiga yowe lililowachekesha watoto wote wa ufuo ule. Maji ya chumvi kwenye ngozi ya kichwa ambayo haijaguswa miezi mitano! Nilirudi tena, na tena. Nilikuwa na furaha, mami. Nakuambia wazi kwa sababu niliogopa kwamba nikifurahi bila wewe nitakuwa nimekuacha, na haikuwa hivyo hata kidogo.

Kipandauso hakijaisha. Kilinipata tena kwenye treni ya kurudi. Lakini tangu hapo ni mara moja tu, na sasa nikisema naenda benki wakati mwingine naenda benki kweli.

Sasa habari ya pili. Jumamosi iliyopita Saumu alinisuka. Nilikaa wima kama niko kwa mpiga picha wa pasipoti, nimejiandaa kuwa na kichwa chenye mistari iliyonyooka, kichwa kisicho na wewe. Akaenda mbele, akaenda juu, akashuka nyuma ya sikio la kushoto. Mkia wa chanuo ukanigusa pale, ukanitekenya, nikaruka.

"Tulia basi!" Saumu akafoka.

Nikapiga yowe, chanuo likamdondoka mkononi. Niliinua kidole, nikapapasa. Umepinda, mami. Pale pale, kona ile ile. Saumu akataka kuurekebisha, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Nililia na kucheka pamoja, na mteja wake akauliza kama mimi ni mzima.

Basi chukua ushindi wako. Ni mimi niliyekuwa naruka. Miaka yote sita, ni mimi. Nilidhani ule mstari ni alama ya mkono wako na kwamba nikiufumua umeondoka, kumbe tulikuwa tunauchora wawili, na nusu yangu bado ninayo.

Pumzika salama, mtoto wangu, mama yangu. Nakuahidi nitakunywa dawa, nitafumua kila baada ya miezi miwili kama ninavyowafokea wateja, na nitarudi kwa Bi Mishi bila sweta. Kutulia ndiko sikuahidi. Pale nyuma ya sikio nitaruka kila mara, mpaka tuonane.

Mathe wako