Chumvi ya Nekesa

Jumanne, Mutuini

Ati aache kozi! Haachi, nikiwa hai.

Mjukuu wangu Nekesa amerudi kutoka chuoni akilia, anataka kuacha. Kesho ana mtihani wa kompyuta na kuna kitu hakiingii: ukipatia programu namba yako nayo iibadilishe, ile yako inabaki vile ilikuwa au inabadilika pia?

"Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "na hujasoma, utanisaidia aje?"

"Nyamaza. Nifundishe mimi."

Akaangalia sufuria ya kunde. Akanipakulia bakuli, akatia chumvi humo. "Hii ni kopi. Sufuria haijaguswa."

Sawa.

"Lakini nikikupatia sufuria yenyewe..." Akamwaga chumvi ndani, kijiko kizima! Kunde zangu zote!

Nikamfokea. Yeye anacheka, machozi bado shavuni. "Kukhu, imeingia!"

Tumekula ugali na chai.

Bado naogopa. Kwa mtihani hakuna sufuria. Lakini herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye, akiwa mdogo, na sikuacha.

Kunde sijatupa. Kesho naongeza zingine, chumvi ipungue, tule akirudi. Apite, asipite, atakula ashibe, kisha arudi darasani.